Kumhamishia Mtoto Shule ya Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Mwanza

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wazazi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakinisimamisha mlangoni mwa maabara, kwenye vikao vya wazazi, na wakati mwingine ndani ya daladala ya Buhongwa, kila mmoja akiwa na kijana wake moyoni. Mimi ni mwalimu wa Kemia, ninaishi Ilemela, na ni mzazi niliyewahi kumhamisha mtoto wangu mwenyewe na kukosea. Kwa hiyo majibu haya yametoka pande zote mbili za meza.

“Shule ya sayansi” ni shule gani hasa?

Jina hilo hapa nchini hubeba shule za aina kadhaa ambazo hazifanani, na wazazi wengi huanza kuhangaika kabla hawajajua wanatafuta ipi.

Ziko shule za serikali za vipaji maalumu, nazo ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Hakuna hata moja iliyoko Mwanza, na nafasi zake za kidato cha kwanza hutolewa kwa kuangalia alama za mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo si mlango ambao mzazi anaweza kuubisha mtoto akiwa tayari kidato cha pili. Ziko shule za ufundi, zinazofundisha sayansi bega kwa bega na masomo kama umeme, ujenzi na mitambo. Kwetu tunayo Bwiru Wavulana, na kwa majirani zetu wa Mara iko Musoma. Ziko pia shule za wasichana za sayansi za mikoa, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, zilizojengwa na serikali kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari. Kisha ziko shule za serikali za kidato cha tano na sita zenye tahasusi (michepuo ya masomo) za sayansi, kama Nsumba kwa wavulana na Nganza kwa wasichana.

Aina ya mwisho ni shule binafsi zinazojitangaza kuwa za sayansi. Miongoni mwao zipo nzuri sana, lakini neno hilo kwenye bango la barabarani halithibitishwi na mtu yeyote, na ni juu ya mzazi kwenda kulithibitisha kwa macho yake.

Nitajuaje kama ni mtoto anayeipenda sayansi, na si sisi wazazi?

Hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa kwanza, na kwa kawaida huulizwa mwisho, baada ya ada kulipwa. Kila mzazi anayepita chini ya kilima cha Bugando na kuona madaktari vijana wakiingia zamu hutamani mmoja wao awe wake, na sioni aibu yoyote katika tamaa hiyo. Lakini tamaa ya mzazi haiwezi kukaa dawatini badala ya mtoto.

Usimuulize kijana kama anapenda sayansi, kwa sababu atakujibu anachojua unataka kusikia. Mtazame jioni akiwa na madaftari. Yupo mtoto ambaye akikwama kwenye swali la Fizikia hulirudia, huchora upya mchoro, hufuta, huuliza kwa kaka wa jirani, na hulala akiwa bado analitafuna. Yupo mwingine anayenakili jibu la mwenzake na kufunga daftari. Alama zao za muhula zinaweza kulingana kabisa, ila ninajua ni yupi atakayesimama mada zitakapokuwa ngumu. Vilevile tazama mambo yasiyo ya shule: anayefungua redio mbovu ili aone kilichomo, anayeuliza kwa nini dagaa waliovuliwa wakati wa mbalamwezi ni wachache, anayehesabu mwenyewe faida ya mzigo wa mama yake sokoni kabla hajaulizwa. Hao wana kitu cha kulea.

Jambo jingine la kuchunguza ni sababu ya kuhama anayoitoa mwenyewe. Mtoto akisema anataka kuhama kwa kuwa shuleni kwake hawajawahi kufanya jaribio hata moja la Kemia tangu mwaka uanze, hiyo ni sababu. Akisema rafiki zake watatu wanahama, ni vema kusubiri muhula mmoja uone kama hoja hiyo bado ipo.

Kidato gani kinafaa zaidi kwa kuhama?

Kuna milango mitatu iliyo wazi na yenye afya: mwanzo wa kidato cha kwanza, mwanzo wa kidato cha tatu, na kuingia kidato cha tano. Kidato cha tatu kinafaa kwa sababu mtoto ameshamaliza upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na kwa utaratibu ambao wengi wetu tumeuzoea, hapo ndipo wanafunzi huamua kama wataendelea na Fizikia na Kemia au wataziacha. Hisabati na Baiolojia hubaki kwa wote.

Kuhama katikati ya kidato cha tatu ni hatari, na kuhama ndani ya kidato cha nne ninakukataza waziwazi, isipokuwa kwa ugonjwa, usalama wa mtoto au familia kuhama. Shule hazifundishi mada kwa mpangilio mmoja. Shule anayotoka huenda haijagusa mada ya umeme, na anakokwenda wameshaimaliza. Mtoto anabaki na shimo katikati ambalo hakuna mwalimu atakayerudi kulifukia kwa ajili yake peke yake. Zaidi ya hayo, mtahiniwa wa kidato cha nne husajiliwa kwa namba ya kituo chake, na kubadilisha kituo baada ya usajili ni usumbufu mkubwa.

Nikienda kutembelea shule, nitazame nini?

Omba uoneshwe maabara. Usikubali kuoneshwa kwa dirisha. Maabara iliyofungwa kwa kufuli lenye kutu inakueleza mengi kuliko mkuu wa shule atakavyokueleza ofisini.

Ukiingia, fungua bomba la sinki. Ninasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu nimeona maabara zenye meza za vigae na viti vipya ambazo bomba lake halijawahi kutoa maji, na jaribio la Kemia bila maji ya kuoshea vyombo haliendi mbali. Tazama chupa za kemikali: je, kuna zilizopungua, au zote zimejaa na zimeshika vumbi shingoni? Chupa iliyopungua ni chupa inayotumika. Hesabu bureti, yaani mirija mirefu ya kioo yenye mistari ya vipimo na koki chini, kisha uliza darasa lina wanafunzi wangapi. Bureti nane kwa wanafunzi themanini maana yake ni kwamba kumi watazunguka chombo kimoja, wawili watashika, na wanane watanakili.

Nieleze kidogo kwa nini ninashikilia jambo hili. Katika mtihani wa vitendo wa Kemia, mtoto hujaza asidi kwenye bureti, huweka matone ya kiashirio, dawa inayobadili rangi, kwenye besi iliyopimwa kwa pipeti, kisha hufungua koki taratibu huku mkono mwingine ukizungusha chupa. Mwanzoni anaweza kuachia mkondo, lakini akikaribia mwisho lazima ashushe tone moja moja, kwa sababu tone moja tu huigeuza rangi ya manjano kuwa ya chungwa, na tone la ziada huharibu kazi yote. Kisha asome kwa jicho lililo sawa na mstari, chini ya mbonyeo wa kimiminika, na aandike 24.50, si 24.5. Mikono ya mtoto haijifunzi jambo hilo kwa kusimuliwa ubaoni. Hujifunza kwa kulikosea mara tano au sita akiwa na mwalimu pembeni. Shule inayofungua maabara wiki mbili tu kabla ya mtihani wa Novemba inawapeleka watoto mahali ambapo hawajawahi kukanyaga.

Baada ya maabara, uliza kuhusu walimu: wa Fizikia ni wangapi, na wa Hisabati wamekaa hapo kwa miaka mingapi. Shule inayobadilisha mwalimu wa Hisabati kila mwaka ina tatizo, hata kama haitalitaja. Mwisho, kama utaruhusiwa, ongea na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu bila mwalimu kusimama karibu, na waulize jaribio la mwisho walilofanya lilikuwa lipi. Mtoto aliyelifanya hulieleza kwa mikono.

Matokeo ya Baraza la Mitihani yanasomwaje?

Tangu yalipotangazwa matokeo ya mwaka 2022, mnamo Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Matokeo ya kila shule hata hivyo yanapatikana kwenye tovuti ya Baraza, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha kuyafungua.

Kosa la kwanza la wazazi ni kuhesabu idadi ya waliopata daraja la kwanza na kuishia hapo. Daraja la mtihani wa kidato cha nne hutokana na masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na pointi 7 hadi 17 ndizo daraja la kwanza. Mtoto aliyefanya masomo tisa anaweza kupata daraja la kwanza bila Fizikia wala Kemia kuingia kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo shuka chini, usome mstari wa kila mtahiniwa, na uhesabu ni wangapi wana alama C au zaidi katika Fizikia, Kemia na Hisabati kwa pamoja. Shule inayojiita ya sayansi ikiwa na watahiniwa 100, na 15 tu kati yao wamefikia hapo, utakuwa umepata jibu bila kumuudhi mtu.

Kosa la pili ni kutohesabu waliotoweka. Tafuta matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo miaka miwili nyuma: waliofanya upimaji mwaka 2022 ndio waliotarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Ukikuta walikuwa 140 kisha wakawa 90, uliza hao hamsini wameenda wapi. Huenda maelezo yapo na ni ya kweli. Lakini huenda ni shule inayong'arisha matokeo yake kwa kuwaondoa watoto waliolegalega, na mzazi anapaswa kujua hilo mapema, kwa kuwa mwanawe anaweza kulegalega siku moja.

Hisabati ya mwanangu ni dhaifu, ila Baiolojia anafanya vizuri. Ahame?

Asihame kwanza. Hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo linaloangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne nchini, na udhaifu wake mara nyingi unaanzia kwenye sehemu na desimali za shule ya msingi, si kwenye mada za sekondari. Shule ya sayansi yenye kasi itampita. Mpe miezi mitatu na mwalimu mvumilivu, mara mbili au tatu kwa wiki, aanzie chini kabisa alikokwama. Akipanda, fikiria kuhama. Asipopanda, umeokoa fedha nyingi, na umeokoa moyo wa mtoto.

PCM, PCB na CBG zina tofauti gani kubwa?

PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia; CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Tofauti ni milango inayofunguka baadaye. Anayetaka udaktari wa binadamu anahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, kwa hiyo PCB ndiyo njia yake; mwenye CBG hana Fizikia ya kidato cha sita, na mlango huo kwake umefungwa, ingawa kilimo, uvuvi, mazingira na fani nyingine zinamsubiri. Anayetaka uhandisi huhitaji Hisabati ya juu pamoja na Fizikia, yaani PCM au inayokaribiana nayo. Mwaka 2024 serikali iliongeza idadi kubwa ya tahasusi mpya, na si kila shule inazo zote, hivyo uliza shule unayoilenga ina zipi. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, mwanafunzi hupewa nafasi ya kubadilisha machaguo yake mtandaoni. Msikae na kuamua jambo hili usiku wa mwisho kwenye duka la intaneti.

Tunaishi Ukerewe. Je, bweni la Mwanza mjini litamfaa?

Kwa mtoto wa visiwani, bweni mara nyingi ndilo jibu, kwa sababu hakuna awezaye kuvuka ziwa asubuhi na jioni. Swali langu kwenu ni nani atakayekuwa karibu naye. Mtoto wa Nansio akiugua malaria usiku wa Jumapili, kivuko kinasubiri ratiba yake. Mtafutieni shangazi, mama mdogo au rafiki wa familia mjini, ambaye jina na namba yake ya simu vimeandikwa shuleni, na ambaye atakwenda siku za kutembelea. Upweke wa muhula wa kwanza huwafanya vijana wenye akili kabisa washuke, na wazazi hudhani ni masomo.

Binti yetu amechaguliwa, lakini ndugu wanasema Fizikia ni ya wavulana.

Ndugu wamekosea. Nimefundisha mabinti walioshika bureti kwa utulivu ambao wavulana wa darasa hilohilo hawakuwa nao. Shuleni kwa wasichana pekee, kuna jambo ninalolipenda sana: hakuna mvulana wa kushika chombo huku wasichana wakiandika, kwa hiyo kila mmoja hushika. Kama nafasi imepatikana katika shule ya wasichana ya sayansi ya mkoa, mpelekeni, na mhakikishieni taulo za kike, sabuni na nauli ya kurudi kabla ya kitu kingine chochote.

Gharama zikoje?

Katika shule za serikali ada imeondolewa, kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016 na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022. Katika shule binafsi za bweni, ada ni mamilioni kwa mwaka. Usiangalie ada peke yake. Chukua fomu ya kujiunga, kaa na kalamu, ujumlishe godoro, tranka, sare, makoti ya maabara, rimu za karatasi, michango ya mitihani ya majaribio, nauli za likizo zote, na hela ya matumizi. Kisha jiulize kama mtaweza kulipa kwa miaka yote, na si muhula wa kwanza tu wakati mpunga umeuzwa vizuri. Mtoto anayerudishwa nyumbani kufuata ada kila Machi hukosa vipindi ambavyo ndivyo mlivyomhamishia.

Utaratibu wa kuhama ukoje?

Anza na barua kwa mkuu wa shule anayosoma sasa, na upate uthibitisho wa nafasi, kwa maandishi, kutoka shule anayokwenda. Kwa shule za serikali, Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri huhusika, na mkoa ukibadilika maafisa wa mikoa nao wanahusika. Hakikisha taarifa zake zimehamishwa pia katika mfumo wa Baraza la Mitihani, si kwenye makaratasi tu, kwa sababu maendeleo yake ya kila mwaka huhifadhiwa huko. Usimwondoe shule ya zamani kabla nafasi mpya haijathibitishwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na nimeona watoto waliokaa nyumbani majuma sita mbacha umeshatupwa na msala umeshapita.

Je, akibaki shule yetu ya kata anaweza kufaulu sayansi?

Anaweza, na wengi wamefaulu. Shule ya kutwa yenye mwalimu mmoja mzuri wa Fizikia na mzazi anayefuatilia humzidi mtoto aliyeachwa peke yake kwenye shule yenye jina. Kama upungufu ni maabara, wazazi wanaweza kuzungumza na bodi ya shule wanafunzi wapelekwe kwa majaribio katika shule jirani siku za Jumamosi. Mimi nimepokea makundi kama hayo, na sijawahi kuona mtoto aliyesinzia. Kama upungufu ni mwalimu, hapo hoja ya kuhama ina nguvu, kwa sababu miaka miwili bila mwalimu wa Kemia haifidiwi na masomo ya likizo.

Tumemhamisha na sasa hali ni mbaya. Tufanye nini?

Nitajibu kwa yaliyonipata. Mtoto wangu wa kwanza nilimhamisha katikati ya kidato cha tatu kwenda shule ya bweni ambayo kila mtu aliisifu, na sitaitaja. Sikuomba kuona maabara. Mimi, mwalimu wa Kemia, niliridhika na majengo na maneno. Likizo ya Desemba nilimwekea bureti mezani nyumbani, nikamwambia asome, akasoma kutoka chini kwenda juu, kinyume na inavyosomwa. Hakuwa ameigusa tangu aondoke shule ya awali. Alikuwa amekonda, hazungumzi, na daftari la Fizikia lilikuwa na kurasa nyingi za mada alizokuta zimeshapita, alizonakili bila kuzielewa.

Hatukumhamisha tena, kwa kuwa usajili wa mtihani ulikuwa unakaribia. Tulichofanya ni kukubali kwanza, mbele yake, kwamba kosa lilikuwa letu. Kisha tuliorodhesha mada zilizorukwa, zikawa kumi na moja, tukazigawa katika likizo zote zilizobaki, nami nikamwomba mkuu wa shule ninayofundisha ruhusa ya kumwingiza maabara asubuhi. Alipata C katika Kemia na D katika Fizikia. Leo anasomea uvuvi, anaamka mapema kuliko sisi, na anapenda kazi yake.

Kwa hiyo, kama mtoto wako yuko kidato cha kwanza au cha pili na anadidimia, mrudisheni mwisho wa mwaka bila kumsema mbele za watu. Kama yuko kidato cha nne, abaki, na ninyi mlifukie shimo la mada alizokosa pamoja naye.

Mwisho wa yote, nani aamue?

Wazazi ndio wanaolipa na kutia saini, lakini kijana wa miaka kumi na sita akipelekwa kwa amri hujitetea kwa njia moja tu aliyonayo, nayo ni kufeli. Nendeni naye kuitembelea shule. Mwacheni aulize maswali yake mwenyewe, mpeni siku tatu za kufikiri, na akisema hapana, mwombeni aandike sababu zake kwenye karatasi. Someni sababu hizo kwa pamoja, kabla ya kuchukua fomu ya uhamisho.